"Dawa ya Kuhara" ni Dawa ya Nini? Uhakiki wa Istilahi za Maradhi ya Kuhara

1. Utangulizi

Istilahi nyingi tunazozijadili katika kurasa hizi ni za namna ambayo kukosea kwake hakumwui mtu. Istilahi ya isimu ikiwa mbovu, mwanafunzi atababaika kwa muda hata mwalimu wake amsahihishe. Istilahi ya sheria ikiwa na utata, mawakili watabishana hata hakimu aamue. Istilahi za afya hazina mwalimu wala hakimu wa namna hiyo. Mama aliyepewa karatasi ya maelekezo zahanati, na kisha mtoto wake akaanza kuhara usiku wa manane, hana wa kumfasiria. Analo neno tu lililoandikwa pale, naye atatenda kama neno hilo linavyomwambia.

Makala haya yanakusudia kuhakiki maneno yanayotumika katika vijitabu, mabango, vitabu vya shule na nyaraka zihusuzo maradhi ya kuhara ya kuambukiza. Tumeyachagua maradhi haya kwa sababu mbili. Kwanza, bado yanaua. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani yaliyotolewa mwaka 2024, watoto wapatao 440,000 walio chini ya umri wa miaka 5 hufariki kila mwaka duniani kwa sababu ya kuhara. Pili, tiba yake kuu haihitaji mtambo wala daktari bingwa. Yahitaji maji salama, sukari, chumvi, kijiko, na maelekezo yanayoeleweka. Yaani sehemu moja ya tiba hiyo ni lugha, na sehemu hiyo ni dhamana yetu sisi wafasiri, walimu na watumishi wa serikali.

Hatukusudii kumshutumu mwandishi yeyote. Walioandika maelekezo haya wengi wao ni waganga na wauguzi walioandika kwa haraka, tena bila ya msaada wetu. Tunachohakiki ni maneno.

2. Kuhara na kuharisha

Tuanze na kitenzi chenyewe. Asili ni -hara: mgonjwa anahara. Kwa kuongeza kiambishi cha kusababisha tunapata -harisha: kitu fulani kinamharisha mtu. Uhusiano huu ni sawasawa na ule wa -tapika na -tapisha. Hakuna asemaye "mtoto anatapisha" akiwa na maana kwamba mtoto anatapika. Lakini "mtoto anaharisha" ni kauli isikikayo kila siku, Bara na Visiwani, na maana yake ni kwamba mtoto anahara.

Hatupendekezi kupigana na mazungumzo ya watu. Lugha ni mali ya wasemaji, nasi tu watumishi wake. Hata hivyo, maandishi ya afya yana haja ambayo mazungumzo hayana. Katika maandishi hayo hatuna budi kutaja mgonjwa anayehara, na pia kutaja chakula, dawa au kimelea kinachomharisha. Tukilitumia neno moja kwa yote mawili, sentensi kama "vyakula vinavyoharisha" na "watoto wanaoharisha" zitakuwa na umbo moja na maana mbili zinazopingana. Kwa hiyo twaona inafaa maandishi rasmi yashike -hara kwa mgonjwa na -harisha kwa kisababishi.

Kadhalika tunalo neno uharo, ambalo waandishi wetu wamelisahau. Uharo ni kinyesi chenyewe kilicho majimaji. Badala yake maandishi mengi hutumia choo, neno ambalo pia ni jina la mahali. Msomaji akikuta "choo chenye majimaji" yamkini atafikiri juu ya sakafu iliyolowa. Sababu ya kulikwepa neno kavu ni adabu, nasi twaiheshimu. Lakini uharo si tusi.

Jambo la tatu ni maana ya kuhara. Tafsiri ya kitaalamu ni kwenda haja kubwa ya majimaji mara 3 au zaidi kwa siku, au mara nyingi kuliko ilivyo desturi ya mtu huyo. Vijitabu vingine husema tu "kwenda choo mara kwa mara". Maelezo hayo hayatoshi. Anayekwenda haja mara nyingi, lakini kinyesi chake kina umbo la kawaida, hahari. Na mtoto mchanga anyonyaye maziwa ya mama tu huwa na kinyesi laini bila ya kuwa mgonjwa. Kinachohesabiwa ni mara ngapi pamoja na wepesi wa kinyesi.

3. Tatizo la "-a" unganifu

Sasa tuitazame kauli iliyotupa anwani ya makala haya. Katika Kiswahili, dawa ya usingizi huleta usingizi. Dawa ya mbu haileti mbu, huwafukuza au kuwaua. Dawa ya meno haiyaleti meno wala haiyaui, huyasafisha. Silabi moja, "ya", inabeba uhusiano wa namna tatu, na msemaji huutambua kwa kuujua ulimwengu, wala si kwa kuijua sarufi.

Je, "dawa ya kuhara" iko fungu gani? Kwa mzee wa pwani aliyezoea kusafisha tumbo kwa sanamaki, dawa ya kuhara, na hasa dawa ya kuharisha, ni ile impayo mtu kuhara. Kwa kijana wa mjini ni ile izuiayo kuhara. Katika kabati moja la dawa vitu hivi viwili ni maadui.

Lakini hatari kubwa zaidi imo katika fungu la tatu. Pakiti za unga wa kuchanganya na maji ambazo zahanati humpa mama huitwa pia "dawa ya kuhara". Unga huo hauleti kuhara wala haukuzuii. Kazi yake ni kurudisha maji na chumvichumvi zilizopotea mwilini, ili mtoto aishi mpaka kuhara kukome kwenyewe. Mama aliyeambiwa kuwa hii ni dawa ya kuhara, kisha akaona saa sita zimepita na mtoto bado anahara, ana haki kabisa kuhukumu kwamba dawa imeshindwa. Ataiacha, naye ameiacha kwa kulifuata neno tulilompa. Akili yake haina kosa. Jina ndilo lililoahidi kitu ambacho dawa haikukusudiwa kukitenda.

"-a" unganifu hufanya madhara mengine katika kauli za mitaani. "Kuhara kwa meno" ni kauli inayokitaja kisababishi, yaani meno yanayoota. Mtoto wa umri wa kuota meno ndiye pia anayetambaa, anayetia kila kitu kinywani, na aliyeanza kula vyakula vingine mbali na maziwa ya mama. Njia za vimelea zimemfungukia. Lakini kwa kuwa jina limekwisha kuitaja sababu, mzazi hana haja ya kutafuta nyingine, na hungoja jino litoke. Ndivyo ilivyo pia kwa dhana ya kubemenda, ambayo huwabebesha wazazi lawama ya kudhoofika kwa mtoto huku mtoto hapewi maji. Mwandishi wa afya asizidharau kauli hizi. Azitaje kwa majina yake, kisha aseme waziwazi: mtoto anayehara wakati wa kuota meno apewe matibabu yale yale ya mtoto mwingine yeyote anayehara.

4. Majina ya visababishi

Katika vitabu vya shule tunakuta wadudu, vijidudu, viini, vimelea na vijasumu, pengine yote katika ukurasa mmoja. Neno wadudu ndilo lenye kasoro kubwa. Mdudu ni kiumbe aonekanaye. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba maji ya kisima yana wadudu atayachota kwa bilauri, atayatazama, hataona kitu, naye atayanywa. Amefanya uchunguzi wa kisayansi kwa mujibu wa neno alilofundishwa.

Vijidudu ni afadhali, kwa kuwa kiambishi cha udogo chatoa ishara ya kutoonekana. Lakini nalo halitofautishi aina, na tofauti ya aina ndiyo inayoamua tiba. Kipindupindu na sehemu kubwa ya kuhara damu husababishwa na bakteria. Kuhara kwingi kwa watoto wadogo husababishwa na virusi, hasa rotavirusi, iliyogunduliwa mwaka 1973 huko Melbourne na Ruth Bishop na wenzake, na ambayo chanjo yake hutolewa kwa watoto wa Tanzania tangu mwaka 2013 na wa Kenya tangu mwaka 2014. Kuna pia amiba na jiadia, ambazo ni protozoa.

Tazama sasa neno viuavijasumu. Umbo lake ni zuri, limefuata kanuni za lugha, na lasema dawa hii huua vijasumu. Lakini kama darasani tumefundisha kwamba vijasumu ni viini vyote vya maradhi, basi tumekwisha kumwambia mzazi kwamba dawa hii huua pia virusi. Haiviui. Mzazi aidaiye dawa hiyo kwa kila kuhara, na muuzaji wa duka la dawa amwuziaye, wote wawili wanalitii neno. Matokeo yake ni fedha kupotea na usugu wa vimelea kuongezeka. Kwa hiyo tunapendekeza vijasumu litengwe kwa maana ya bakteria tu, vimelea liwe jina la jumla katika maandishi ya kitaalamu, na vijidudu liachiwe mabango ya umma kwa sharti kwamba liandamane na maneno "visivyoonekana kwa macho".

5. Maji safi na mikono safi

"Maji safi na salama" ni maneno yaliyooana kiasi kwamba wengi huyadhani kuwa ni kitu kimoja kilichotajwa mara mbili. Sivyo. Usafi wa maji huamuliwa na jicho. Usalama wake huamuliwa na kuchemsha, klorini au maabara. Maji maangavu ya chemchemi yaweza kuwa na vimelea vya kipindupindu, na maji yenye rangi kidogo yaliyochemshwa yaweza kunyweka bila ya madhara. Mwandishi anayetoa agizo la kunywa na aseme maji salama, kisha aeleze yamefanywaje kuwa salama. Neno safi liachiwe sifa ya kuonekana.

Agizo la kunawa mikono nalo lina pengo. Huandikwa: "Nawa mikono kwa sabuni kila utokapo chooni." Mama aliyemchamba mtoto uani hakutoka chooni. Baba aliyefua nepi hakutoka chooni. Wote wawili wameshika kinyesi, na agizo halikuwagusa. Iandikwe: "Nawa mikono kwa sabuni baada ya kwenda haja, baada ya kumchamba mtoto, kabla ya kupika, kabla ya kula na kabla ya kumlisha mtoto." Ni ndefu zaidi, lakini ufupi unaoacha mlango wazi si fadhila.

6. Maneno ya matibabu

Hapa ndipo penye uzito wa makala haya. Tuna mambo matano.

(a) Jina la unga. Mbali na "dawa ya kuhara", huitwa "chumvi", "chumvichumvi" na "maji ya chumvi". Majina haya yameiacha sukari, nayo sukari si kikolezo. Katika utumbo, glukosi na sodiamu hupokewa pamoja, na maji huvifuata. Bila ya sukari, chumvi na maji havipokelewi vizuri na mtoto anayehara. Elimu hiyo ndiyo iliyomwezesha daktari Dilip Mahalanabis, mwaka 1971, kuwatibu kwa maji ya kunywa wakimbizi wa vita vya Bangladesh waliougua kipindupindu katika kambi ya Bangaon, India, na kuteremsha vifo kutoka karibu 30 kwa 100 hadi chini ya 4 kwa 100. Mchanganyiko utumikao sasa ulirekebishwa mwaka 2002 kwa kupunguziwa sodiamu na glukosi. Jina likitaja chumvi peke yake, mama mwenye kuishiwa na pakiti atakoroga chumvi peke yake.

(b) Kuongeza au kurudisha. "Kuongeza maji mwilini" kwaonyesha kwamba mwili una maji ya kutosha, nasi twayazidisha. Wako watu ambao kwa hoja hiyo huuliza: mtoto anatoka maji, mbona mnamwongezea maji? Hoja hiyo ina mantiki. Kurudisha hujibu swali kabla halijaulizwa: kilichotoka kinarudishwa. Vivyo hivyo upungufu wa maji mwilini ni istilahi sahihi, lakini bango na litaje dalili zake kwa lugha ya nyumbani: macho kuingia ndani, kinywa kukauka, kulia bila ya machozi, utosi wa mtoto mchanga kubonyea, na ngozi ya tumbo ikifinywa kurudi polepole.

(c) Vipimo. "Kijiko" hakitoshi. Kijiko cha mezani huchukua kiasi cha mara 3 ya kijiko cha chai. Chumvi ikizidi hudhuru, na kwa mtoto mchanga yaweza kuleta degedege. Kwa mchanganyiko wa nyumbani iandikwe hivi: "Maji salama lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu ya kijiko cha chai kilichosawazishwa." Neno kusawazisha lisiachwe, nalo lifafanuliwe kwa picha ya kisu kinachopitishwa juu ya ukingo wa kijiko. Kwa pakiti iandikwe: "Soma kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti", kwa sababu si pakiti zote ni za lita 1. Yaliyosalia baada ya saa 24 yamwagwe.

(d) Zinki. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF yalipendekeza mtoto anayehara apewe zinki miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, na miligramu 10 kwa aliye chini ya miezi 6. Maelekezo mengine husema "mpe hadi apone". Kuhara kwaweza kukoma siku ya tatu, na mama akaacha. Zinki huendelezwa baada ya kuhara kukoma ili kupunguza uwezekano wa mtoto kuhara tena katika miezi ifuatayo. Idadi ya siku iandikwe kwa tarakimu, na neno "apone" lifutwe.

(e) Kulipumzisha tumbo. Kauli hii yavutia, kwa kuwa yalifanya tumbo kama mfanyakazi aliyechoka. Maana yake katika matendo ni kumnyima mtoto chakula. Mtoto anayehara anahitaji kuendelea kunyonya na kula. Kauli hii isionekane kabisa katika maandishi yetu.

7. Kali, ghafla na sugu

Tuguse kwa ufupi sifa za maradhi. Ugonjwa ulioanza karibuni na usiodumu umezoeleka kuitwa "mkali". Lakini ukali katika Kiswahili ni kiwango cha madhara, si muda. Kuhara kulikoanza jana kwaweza kuwa hafifu, na kuhara kwa wiki tatu kwaweza kuua. Tunapendekeza kuhara kwa ghafla kwa maana ya kwanza, na kuhara kwa muda mrefu kwa kuhara kunakodumu siku 14 au zaidi. "Kuhara sugu" kuepukwe, kwa sababu usugu sasa ni istilahi ya vimelea visivyosikia dawa.

Kipindupindu ni neno kongwe lililostahimili. Unguja ilipata misiba mikubwa ya ugonjwa huo katika karne ya 19, na ule wa 1869-1870 ulielezwa na daktari James Christie, aliyekuwapo, katika kitabu kilichotolewa mwaka 1876. Tanzania Bara ilipata mlipuko mkubwa ulioanza mwaka 1977, na mwingine ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015. Neno halihitaji kusanifiwa upya. Kinachohitaji kusahihishwa ni maelezo ya dalili: uharo wa kipindupindu haufanani na "uji wa mchele" kama tulivyopata kusoma, bali hufanana na maji yaliyooshewa mchele. Kila mpishi ajua tofauti hiyo.

Homa ya matumbo nalo ni jina lililokubalika, ila mwandishi akumbushe kwamba dalili yake kuu ni homa idumuyo, na mgonjwa aweza asihare kabisa. Kuhara damu kutengwe daima na kuhara kwa majimaji, kwa kuwa damu katika uharo ni amri ya kumpeleka mtoto kwa mganga, ambako viuavijasumu huenda vikahitajika.

8. Mapendekezo

-hara: kuwa na haja kubwa ya majimaji mara 3 au zaidi kwa siku.
-harisha: kusababisha kuhara.
Uharo: kinyesi cha majimaji.
Dawa ya kuzuia kuhara. Dawa ya kuleta kuhara: zitumike badala ya "dawa ya kuhara", kila moja mahali pake.
Unga wa kurudisha maji mwilini: pakiti itolewayo zahanati. Katika maandishi ya kitaalamu, kirudishamaji, kwa kigezo cha kipimajoto.
Maji ya sukari na chumvi: mchanganyiko wa nyumbani, sukari ikitajwa kwanza.
Vimelea: jina la jumla. Vijasumu: bakteria.
Kuhara kwa ghafla. Kuhara kwa muda mrefu. Kuhara damu: aina tatu za kuhara.

Tunafahamu kwamba kirudishamaji litawachekesha wengine, kama kipimajoto lilivyowachekesha wengine zamani. Halikukusudiwa kwa mama wa kijijini. Huyo apewe maelezo marefu na wazi. Kosa la mara kwa mara katika kazi yetu ni kudhani kwamba neno moja lazima lifae maabara na jikoni.

9. Hitimisho

Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wazima wa Tanzania katika vikundi vya kusoma na kusikiliza redio. Kikundi kilikuwa na kiongozi wake, na neno lisiloeleweka liliweza kuulizwa papo hapo. Karatasi ya leo husomwa na mtu mmoja, aghalabu akiwa na hofu, na mara nyingine husomwa na mtoto wa darasa la tano kwa niaba ya bibi yake. Kwa hiyo kabla ya kuchapwa, kila maelekezo ya afya na yajaribiwe kwa njia isiyo na gharama: apewe mtu asiye mtaalamu, asome, kisha aombwe atende mbele yetu yale aliyoyasoma, kwa maji, kijiko na chupa halisi. Atakapokosea, tusimwulize kwa nini hakuelewa. Tuchukue kalamu tukasahihishe neno.

Wasomaji wenye majina mengine yatumikayo katika sehemu zao, hasa kwa uharo na kwa dalili za upungufu wa maji kwa watoto wachanga, wanaombwa kuyaleta, wakitaja mahali yasemwapo na maana yake kamili.